Kabla Hujakopa Nauli ya Zanzibar

Wadogo zangu wapenzi, sogeeni karibu. Leo dada yenu anataka kuongea nanyi habari ya likizo, na nikifika mahali nikagomba kidogo, mjue ni mapenzi tu.

Msimu wa harusi ukikaribia maswali yenu hufanana. Mmoja anauliza kama ni vibaya kuchukua mkopo ili ampeleke mchumba wake fungate Zanzibar. Mwingine ameona kwenye simu picha za watu wanaozunguka Italia, leo wanaonja jibini kijijini, kesho wako kwenye kanisa la kale, keshokutwa wamejilaza ufukweni, na moyo umemuuma kuona yeye maisha yake yanazunguka kati ya soko la Kibondo na stendi. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenishikisha kalamu, anasema anaona haya kumleta rafiki yake wa chuo nyumbani, eti huku kwetu hakuna cha kuona.

Hakuna cha kuona! Mdogo wangu, hebu kaa hapa.

Sikulaumu. Tumekua tukiambiwa Kigoma ni mwisho wa reli, na wanavyolisema neno hilo utadhani tulitupwa huku kwa bahati mbaya. Ukienda shule ya bweni mkoa mwingine, ukifungua mdomo tu wenzako wanaiga lafudhi yako. Unajifunza kunyamaza. Unajifunza kusema "natokea Kigoma" harakaharaka kisha unabadilisha mazungumzo, na wilaya zetu zenyewe, Kibondo au Kasulu, huzitaji kabisa. Aibu ya namna hiyo mtu haichagui. Anapewa akiwa mdogo, anakua nayo. Lakini ukishakuwa mtu mzima inakubidi uipime mwenyewe. Nani alisema kwetu hakuna kitu, na yeye alifika lini? Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914, na iliwekwa ikavuka zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa sababu huku kulikuwa na ziwa, bandari na biashara ya nchi jirani. Hakuna anayetandika chuma umbali wote huo kufuata mahali patupu.

Na hao wa Italia unaowatamani, tuwatazame vizuri wanafanya nini. Kule kusini kuna mkoa unaitwa Puglia. Watu wanapanda ndege kwenda kula huko maharage yaliyopondwa pamoja na mboga chungu za majani, mafuta ya zeituni yaliyokamuliwa papo hapo, halafu wanateremka pwani kula samaki. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa chakula cha mkulima maskini. Leo mgeni analipa pesa nzuri kukaa kwenye nyumba ya mkulima yuleyule na kufundishwa kukipika. Maharage, mboga za majani, mafuta ya nyumbani, samaki wa majini mwao. Sasa niambie wewe, kutoka Kibondo mpaka Kigoma mjini kinakosekana kipi hapo? Maharage tunayo mpaka tunayauza mikoani. Kisamvu kipo. Mawese yapo. Samaki ndio usiseme.

Turudi kwanza kwenye huo mkopo, maana hapo ndipo ninapowahurumia zaidi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Unachukua pesa ya kikundi, au unaingia kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, mnapanda basi, mnapanda boti, mnapiga picha nzuri. Mnarudi. Wiki ya pili marejesho yanaanza. Mke bado hajazoea jiko lako, na tayari anakuona unatoka nje kupokea simu kwa sauti ya chini. Anaanza kujiuliza unaongea na nani. Kumbe unaongea na mdai. Nimeziona ndoa changa zikipata ufa kwa simu za namna hiyo, na aliyeumia zaidi mara nyingi ni yule ambaye hata hiyo safari hakuiomba. Zanzibar ni nzuri, nami nawaombea mfike, ila mfike kwa akiba yenu. Kwa sasa usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi chukua siku nne au tano, na uanzie hapahapa nyumbani. Watu wa Kibondo tuna asali, na hatuithamini kwa sababu imezagaa. Misitu yetu ya miombo inayoelekea pori la Moyowosi ndiyo inayotoa ile asali nzito yenye harufu ya maua ya mwitu. Ukitaka ya kumpa mgeni, usinunue tu chupa ya kwanza unayoonyeshwa kando ya barabara. Na yale majaribio ya kuchovya kijiti cha kiberiti au kudondosha tone kwenye maji hayathibitishi kitu. Mtu mjanja anaweza kuchanganya sukari na bado ukaipitisha. Njia ya hakika ni kumjua mrinaji mwenyewe. Muulize anatumia mizinga gani na ameitundika wapi, mwambie akupeleke uione, hata kwa mbali. Mrinaji mwaminifu hufurahi kuulizwa. Nenda na mwenzako mkaonje masega yenyewe, muone mkono wa aliyepanda juu ya mti kwa ajili yenu. Hiyo tayari ni siku moja ya utalii, na hamjapanda hata gari la mbali.

Kutoka hapo mnakwenda Kasulu. Barabara hii mnaikumbuka wenyewe, ile vumbi ya kiangazi iliyokuwa inakufikisha na nyusi nyekundu. Sasa lami imeikomboa kwa sehemu kubwa. Lakini sikieni sana hapa: bebeni vitambulisho. Sisi ni watu wa mpakani, njiani kuna vizuizi, na utaulizwa wewe ni nani na unatoka wapi. Najua inauma kuulizwa hivyo ukiwa kwenye ardhi ya babu yako. Inauma kweli. Lakini ukiwa na kadi yako ya NIDA mfukoni mazungumzo huwa mafupi, na ukiisahau siku nzima yaweza kuharibika. Usijifanye mjuaji, usirushe maneno. Onyesha, pita, endelea na safari yako.

Tena kwa kuwa njia hiyo inapita karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, mwenzako atapata hamu ya kwenda kuchungulia. Mkataze. Kambini huingii bila kibali, na hata ungekipata, shida ya mtu si mandhari ya picha. Nyarugusu ipo tangu 1996. Kuna watu wamezaliwa humo, wameolewa humo. Waacheni na heshima zao. Tena siku moja mtoto wako atakuuliza uliwaonaje, na picha ya mtu aliyepanga foleni ya chakula itakufedhehesha wewe.

Kasulu, kaeni. Msilale usiku mmoja mkakimbia asubuhi. Asubuhi ya Juni na Julai kuna baridi ya kushika mifupa, kwa hiyo chukua sweta na usidanganywe na jua la mchana. Nendeni sokoni mapema, mkaone maharage ya kila rangi yamemwagwa kwenye magunia, ndizi, maparachichi, na wale mama wanaopima kwa kikombe huku wakiongea Kiha kwa kasi ambayo hata wewe uliyekulia huku itakupita. Wasalimie. Msalimie mama kwa Kiha, hata kama umebaki na neno moja tu la "mwakeye". Wazee wetu hawaharakishi salamu. Wanaulizia watoto, mifugo, mvua, na mikono inapiga makofi ya taratibu ya heshima. Wewe umezoea "mambo, poa" umeshapita. Hapo simama. Mpe mzee dakika zake. Utakayoyasikia ndani ya hizo dakika hakuna mwongoza watalii atakayekuuzia.

Kisha ulizia Heru Juu. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Mwami wa Heru, mmoja wa watawala wa Buha, nchi yetu Waha. Na majina ya tawala zile nyingine mmeyatamka kwenye chaguzi bila kujua: Muhambwe, jimbo letu la Kibondo, na Buyungu, jina la zamani la jimbo la Kakonko, yalikuwa majina ya nchi zenye wafalme wake. Wasichana, hili ni lenu zaidi. Miaka ya 1940 aliyekalia kiti cha Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Mkoloni yupo, wanaume wazee wamejaa barazani, na mwanamke kijana ndiye anayesikilizwa. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima, na taratibu jina lake likabaki midomoni mwa wazee. Binti wa Kasulu anayeweza kutaja jina la malkia wa Uingereza lakini hajawahi kulisikia la Theresa Ntare, huyo simgombezi; nawagomba wazazi wake, na sisi dada zake tuliokaa kimya.

Mkiwa na nguvu, pindeni kidogo upande wa Buhigwe mpaka Manyovu. Milima ile inayotazamana na Burundi ina kahawa, arabika nzuri, na wakulima wake wana ushirika wao wa Kanyovu. Wengi wetu tumekulia karibu na mibuni ile tukinywa chai. Ombeni mkaangiwe, mtwangiwe, mnywe palepale.

Halafu sasa mteremke Kigoma mjini, kwenye Ziwa Tanganyika. Ule mteremko wenyewe nauchukulia kuwa nusu ya raha. Hewa inabadilika, joto linakupanda mgongoni, michikichi inaanza kusimama kando ya njia, na mara unaona maji. Wadogo zangu, yale maji yana kina cha mita 1,470. Duniani kuna ziwa moja tu linaloyapita kwa kina, Baikal la Urusi. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 650, na nchi nne zinayagawana. Tulifundishwa darasani tukaandika kwenye daftari, lakini kusimama pale Katonga jioni, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, ni jambo jingine kabisa.

Lazima mle dagaa. Msile wa mgahawani tu. Amkeni asubuhi mwende mwalo wa Kibirizi. Wavuvi wanakuwa wamekesha na taa zao, kwa maana dagaa huvuliwa usiku wa giza, hufuata mwanga. Ndiyo maana siku za mbalamwezi kali wavuvi hupumzika, nawe ukienda siku hizo utakuta mwalo umepoa. Boti zikifika, akina mama wanapokea kwa ndoo, wanatandaza juani. Hapa fungua macho. Dagaa aliyeanikwa mchangani hata umwoshe mara nne atakusaga meno. Aliyeanikwa juu ya chanja anang'aa kama sindano mpya, mkavu, ukimvunja anakatika kwa mlio, na harufu yake ni ya samaki, haina ukali wa mafuta yaliyochacha. Rangi ikishageuka njano, mwache. Mwulize mama bei, punguziwa kidogo kwa adabu, ulipe. Usimbane mpaka senti ya mwisho mtu ambaye ameshinda anageuza samaki juani wakati wewe uko likizo.

Kuwapika si kazi. Waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaushe, kisha mawese yapate moto, kitunguu, nyanya, pilipili, dagaa wanaingia mwisho wasije wakavurugika. Ugali uwe wa muhogo, ule mlaini unaovutika, unaoumega na kuumeza bila kuhangaika kuutafuna. Mkitaka samaki mkubwa, agizeni mgebuka wa kuchoma, au kuhe kama bahati ipo. Mwenzako aliyelelewa kwa mafuta ya alizeti atashangaa wekundu wa sahani yake. Mwache ashangae, ataomba tena.

Ila uliza kwanza kabla ya kufunga safari. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ukienda miezi hiyo bila kuulizia, utarudi na malalamiko kumbe kosa ni lako. Na wala usichukie zuio lile. Ziwa limevuliwa mno, na sisi tunaolia bei ya dagaa imepanda ndio walewale tunaonunua vichanga wasiofika kidole. Mwisho wa Agosti na Septemba naona ndicho kipindi kizuri: barabara kavu, mvua bado, na nyavu zimerudi majini.

Narudia tena na tena habari ya maji kwa sababu vijana wa milimani tunalidharau ziwa. Wengi hatujui kuogelea. Tumezoea mito ya magotini, tukiona maji yametulia tunadhani yametukaribisha. Ziwa Tanganyika lina upepo unaoamka ghafla, na mawimbi yake yameshapindua boti kubwa kuliko hiyo mtakayokodi. Ukipanda, vaa jaketi la kuokolea. Kama halipo, shuka. Kama boti imejaa, shuka. Mwenye boti atakucheka, abiria watakuita mwoga. Wewe shuka, mama yako anakuhitaji. Na msioge popote tu. Kuna mahali pana mamba, kuna mahali pana kichocho, hasa kwenye majani na maji yaliyotuama. Waulize wenyeji wanakoogea wao, au nendeni fukwe zinazotunzwa, mfano ile ya Jakobsen kule Katonga, ambako maji ni maangavu mpaka unawaona samaki wadogo wa rangi rangi wakipita miguuni. Wengi wa samaki wale hawapatikani popote pengine duniani.

Ujiji msiikimbilie kwa ajili ya picha ya sanamu. Ndiyo, hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yapo penye miembe. Lakini mimi huwaambia wanaoniuliza wasimame pale wawafikirie pia wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe. Ujiji ilikuwa mwanzo wa njia ndefu ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa mpaka Bagamoyo. Watu walivushwa ziwa kutoka Kongo, wakafikia hapo, wakaanza kutembea. Mtu akilijua hilo hataweza tena kuuona mji ule kama vichochoro vya zamani tu. Baadaye nendeni mkale pilau, mkasikilize Kiswahili cha Ujiji kilivyo na ladha ya pwani ingawa bahari iko mbali huko, mkanunue kitenge. Vitenge vya Kigoma shangazi zenu wa Dar huvililia.

Bandarini ulizieni habari za Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikashushwa majini hapa 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na kufikia 1927 ilikuwa kazini kwa jina la Liemba. Msipange safari yenu kwa kuitegemea kabla ya kuulizia kama inasafiri.

Na hifadhi ya Gombe. Hapa huwa nasikitika, maana wageni wanatoka Japani na Marekani kuja kuwaona sokwe mtu wetu, nasi tulio jirani hatujakanyaga. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26, akakaa, akatazama, akaona sokwe anavua mchwa kwa kijiti, na dunia ikabadili fikra zake juu ya wanyama. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na kijana wa Kasulu bado anasema Gombe ni ya wazungu. Ada ya Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno kuliko anayotozwa mgeni wa nje. Gharama iko kwenye boti, kwa kuwa barabara ya kufika haipo, kwa hiyo jiungeni kikundi mchangiane. Mkiwa na mafua, msiende. Sokwe huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapiga wale wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema.

Jambo la mwisho la kuwagomba. Mkifika kwa ndugu njiani msiingie kama mabosi wa mjini. Piga simu mapema, usimshtukize shangazi saa mbili usiku na wageni watatu. Peleka sukari, sabuni, chumvi, chochote ulichojaliwa. Akikupa chakula, kula. Usianze kuchagua mbele ya mwenzako ili uonekane wa kisasa. Usimpige picha bibi anatwanga kisamvu bila kumwomba, na ukimwomba akakataa, funga simu ukamsaidie kutwanga. Nawe unayeona haya kumleta yule rafiki wa chuo, mlete. Akidharau, umeshamjua mapema kabla hujamkabidhi moyo wako. Akifurahi, umepata mtu.

Kwa hiyo leo, kabla hujajaza fomu yoyote ya mkopo, mwulize mama namba ya simu ya shangazi yako wa Kasulu, umpigie umwambie unakuja.